Doksorubisini inaua seli zilizolala bapa, sferoidi hazitikisiki

Swali
Wakuu, seli za saratani ya matiti aina ya MCF-7 zilizolala bapa zinakufa vizuri kwa doksorubisini, dawa ya saratani. Zikikuzwa kama sferoidi (madonge ya duara), baada ya saa 72 MTT (kipimo ambacho seli hai hugeuza rangi kuwa fuwele za zambarau) inasoma karibu sawa na vishimo visivyo na dawa, tena vishimo vya dozi moja vinapishana mno. Sahani ni ya vishimo 96 vyenye kitako cha duara, isiyoshikisha seli. Kila kishimo seli 10,000. Huu ni usugu wa kweli au kipimo kinadanganya?

Jibu 1
Mkuu, anza na kipimo. MTT haifiki katikati ya donge, na fuwele za zambarau hazitoki zote, kwa hiyo hata vishimo visivyo na dawa vinasomeka chini na tofauti inafifia. Hamia kipimo cha ATP (nishati ya seli hai, hupimwa kwa mwanga) chenye kiyeyusho kikali cha kupasua seli: ujazo sawa na midia (maji ya lishe ya seli), tikisa kwa nguvu dakika 5, acha dakika 25, ndipo usome mwanga. Kabla ya kusoma chungulia kwa hadubini. Donge likiwa bado zima, namba hiyo usiiamini.

Jibu 2
Seli 10,000 ni nyingi mno. Oksijeni hupenya takriban mikromita 150 hadi 200 tu, hivyo donge likizidi kipenyo cha mikromita 500, kiini huanza kufa kabla hujaweka dawa. Jaribu 1,000 hadi 2,000, ulenge kipenyo cha 300 hadi 400 siku ya 3 au 4. Kupishana mara nyingi huanzia kwenye kupanda: seli hutuama chini ya chupa, ichanganye kabla ya kila safu. Kishimo chenye madonge mawili kiache nje ya hesabu. Vishimo vya pembeni hukauka haraka, vijaze bafa (maji ya chumvi) tupu bila seli. Midia usiifyonze, utaondoka na sferoidi. Ongeza mikrolita 100 za dawa yenye nguvu maradufu juu ya mikrolita 100 zilizopo.

Jibu 3
Usugu wa kweli nao upo, na kwa dawa hii unaonekana kwa macho, maana doksorubisini yenyewe hung'aa nyekundu. Tazama kwa hadubini ya mng'ao baada ya saa 4, kisha 24. Ukiona pete nyekundu na katikati giza, dawa imenaswa kwenye DNA ya seli za nje. Ukilinganisha na sisplatini, dawa nyingine ya saratani, usiiyeyushe kwa kiyeyusho cha DMSO, kinaiharibu. Tumia maji ya chumvi ya 0.9%.