Kadi ya Léopards 1974: maandishi yanasema Brazil, je, picha inasema nini?

Binti_Katuba, Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Baba mdogo wangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Lubumbashi, alikuwa akikusanya kadi za wachezaji. Alipofariki, kisanduku chake kilikuja kwangu. Nyingi ni za Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, zimeshaanza kuwa za njano, lakini kuna moja ambayo siwezi kuiacha. Ukubwa wake ni kama karata. Mbele kuna picha ya rangi: mchezaji wa Léopards (timu ya taifa ya Zaire, yaani Kongo ya leo), jezi ya kijani, namba 13 mgongoni, uso ameugeuza kidogo. Chini yake pamechapwa kwa Kifaransa: Zaïre–Brésil, 1974. Nyuma ni tupu, ila kuna neno moja kwa kalamu ya baba mdogo: Ndaye.

Mama mdogo anasema mumewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba maandishi ya kadi hii ni ya uongo. Sababu yake hakuna aliyeikumbuka. Nataka kujua picha hii ni ya mechi ipi, ili niandike ukweli kwenye bahasha yake kabla sijawapa watoto. Ninayoyaona nyuma ya mchezaji ni haya: ukanda mpana wenye mistari myeupe inayokwenda sambamba, mabango yenye maneno ya Kijerumani, halafu watazamaji, nao wako mbali sana. Ukingoni kushoto kuna kipa ametupa mgongo.

Mzee_wa_Kenya

Binti yangu, mimi ni wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Baba yako mdogo alisema kweli, na nitakuonyesha aliijuaje.

Katika Kombe la Dunia la 1974 Zaire ilicheza mechi tatu Ujerumani Magharibi. Tarehe 14 Juni 1974 ilifungwa na Scotland 2-0 mjini Dortmund. Tarehe 18 Juni ilifungwa na Yugoslavia 9-0 mjini Gelsenkirchen. Tarehe 22 Juni, Gelsenkirchen tena, Brazil 3-0. Namba 13 ilikuwa ya Ndaye Mulamba, na Ndaye hakucheza na Brazil hata dakika moja. Alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu katika mechi ya Yugoslavia, kwa kosa ambalo si lake! Baada ya bao la nne wachezaji wetu walimzonga refa, Omar Delgado wa Colombia, na mmoja akampiga teke. Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, namba 2, na mwenyewe alikiri. Refa akamtoa Ndaye. Miaka yote hii jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu miezi mitatu tu kabla ya hapo, kule Misri, Ndaye alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Afrika moja, na mpaka leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo. Fainali ile na Zambia ilichezwa mara mbili, 2-2 kisha 2-0, na mabao yote manne ya Zaire aliyafunga yeye.

Basi Brazil iondoe. Zinabaki Dortmund na mwanzo wa ile ya Yugoslavia. Sasa tazama huo ukanda wenye mistari. Hiyo ni njia ya wakimbiaji wa riadha. Parkstadion ya Gelsenkirchen ilikuwa nayo, ikizunguka uwanja wote, ndiyo maana watazamaji wanaonekana mbali. Westfalenstadion ya Dortmund haikuwa nayo. Kule watu walikaa karibu kabisa na nyasi. Namba 13 pamoja na njia ya riadha: ni tarehe 18 Juni tu.

Vijana wanazicheka zile 9-0. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hawakuziona, na kwamba walikaribia kugoma wasiingie uwanjani siku hiyo. Mtu akizicheka mbele yako, mweleze na hilo.

Mkusanyaji_Goma

Shikamoo Mzee. Dada, usishangae kwamba maandishi na picha havipatani. Mimi nafuatilia kadi za besiboli za Marekani, na huko mambo haya yana historia ndefu. Mwaka 1969 kampuni ya Topps ilitoa kadi ya Aurelio Rodríguez, kumbe kijana aliye pichani ni Leonard Garcia, aliyekuwa akiwashughulikia wachezaji magongo yao. Mwaka 1957 kampuni hiyohiyo ilichapa picha ya Hank Aaron ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo: Aaron alikuwa akipigia upande wa kulia, kadi ikamwonyesha upande wa kushoto, na namba 44 ya jezi yake ikatoka kinyume. Mchapaji huandika jina kwa kufuata karatasi aliyopewa. Ukitaka kujua habari ya picha, anza na vile ambavyo hakuna aliyevipanga: namba, mabango, kivuli, watu wa pembeni.

Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba 13 na yale maneno ya Kijerumani yanasomeka sawasawa, hayakugeuzwa. Halafu nenda kwa huyo kipa. Kwa makipa wa Zaire, Kazadi Mwamba alivaa 1, Tubilandu Ndimbi alivaa 12. Katika mechi ya Yugoslavia, kocha wa Zaire, Vidinić, alimtoa Kazadi dakika ya 21 bao la tatu likiwa limeshaingia, na Ndaye akatolewa mara tu baada ya hapo. Kama huyo ni kipa wa Zaire, ukiona tarakimu moja au mbili, utakuwa umeshapata hata dakika. Tumia kioo cha kukuza, na mwanga uje kwa ubavuni. Usiilowanishe kadi, usiigundishe popote.

Binti_Katuba, Lubumbashi

Asanteni sana, Mzee na kaka. Nimeomba kioo kwa fundi wa saa, nimeitazama barazani jua likiwa bado chini. Maneno yanasomeka sawasawa. Na kipa ana tarakimu MOJA, fimbo iliyosimama katikati ya mgongo, pembeni yake hakuna kitu.

Mzee_wa_Kenya

Kazadi! Kazadi wetu wa Mazembe! Basi andika kwenye bahasha: Zaire na Yugoslavia, Gelsenkirchen, 18 Juni 1974, kabla ya dakika ya 21. Ongeza na majina yote mawili, Ndaye Mulamba na Kazadi Mwamba. Hayo maneno ya Brésil usiyafute, ni sehemu ya kadi. Andika tu kando yake kwamba si kweli, na kwa nini. Halafu tafadhali ipige skani pande zote mbili utuwekee hapa. Kuna wazee wenzangu wa mtaa wa Kamalondo ambao wangefurahi kumwona.

Binti_Katuba, Lubumbashi

Nitaipeleka kwa mpiga fotokopi Jumamosi, Mzee. Nitaleta na nyingine tatu za Léopards ambazo hazina maandishi kabisa. Kwenye moja wamevaa jezi za njano na hakuna namba hata moja inayoonekana, ila kuna wapinzani wawili na bendera ya kona.