Familia ya Kambo: safari ya Kiubo

Yaya Fifi: Hamjambo wote. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya Uhuru wa Kongo, hakuna kazi. Naomba tumpeleke Kambo, mzee wetu, kule Kiubo, aone maporomoko.

Papa Leki: Kwa nini si Lofoi? Yale ya mbuga ya Kundelungu yanashuka zaidi ya mita 300, ni kati ya marefu kabisa Afrika.

Yaya Fifi: Papa Leki, Lofoi ni ya kwenda mvua ikiwa nyingi. Mwezi wa sita maji yameshapungua, na kule kuna kutembea kwa miguu. Magoti ya Kambo unayajua. Kiubo ni mto Lufira mzima unaanguka, kama mita 60 hivi, na hata kiangazi maji yapo. Ukishuka tu kwenye motoka, kabla hujaona kitu, unasikia udongo unatetemeka chini ya viatu. Ukisogea, miwani inajaa matone, unafuta, inajaa tena. Watu wanaacha kuongea, wanaonyeshana kwa vidole tu.

Tantine Mimi: Na Lofoi yenyewe inaingia Lufira juu ya Kiubo. Maji yale utayaona tu, Papa Leki 😊

Papa Leki: Basi sawa, nimekubali. Tutoke saa kumi na moja asubuhi. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 za lami, lakini malori ya madini yakishaamka, kupita ni kazi. Huko mbele ni vumbi jekundu. Esansi (petroli) tujaze Likasi, na kila motoka iwe na pine (tairi) ya kubadilisha. Bila pine sitoki.

Junior: Vichuguu vikubwa tutaviona?

Papa Leki: Mpaka uchoke. Vingine vinapita nyumba kwa urefu, miti imeota juu yake.

Tantine Mimi: Upande huo huo kuna Bunkeya, mji wa Mwami (mfalme) Msiri, aliyeuawa 1891. Watoto waambiwe njiani, wasilale tu.

Nadine: Niko na Kambo hapa, nimemsomea yote. Naandika anavyosema:

"Wanangu, mimi nilifanya kazi Mwadingusha. Kituo kile cha umeme kilianza 1930, sijazaliwa. Lufira ilikuwa inatoka kwenye ziwa Tshangalele, inazungusha mashine, inatoka chini nyeupe kama maziwa, inaenda Koni, nako wanaizungusha tena. Miaka yote nimeiangalia ikienda zake. Kiubo sijafika. Nataka kuiona inapoanguka pasipo mtu kuishika. Mnipe kiti cha mbele."

Yaya Fifi: Kambo, kiti cha mbele ni chako. ❤️

Papa Leki: Nimesoma mara mbili. Kambo atapanda kwangu, nitaendesha polepole.

Tantine Mimi: Chakula sasa. Mimi napika sombe (majani ya muhogo) na makayabu (samaki wa chumvi). Bukari (ugali) tupikie kule kule, ya kubeba inakuwa ngumu. Nani ana sufuria kubwa?

Nadine: Mimi. Kambo anataka koti lake la zamani la kazi, anasema asubuhi ya Juni ina baridi.

Yaya Fifi: Abebe na blanketi. Makala (mkaa) ya kupikia tutanunua njiani, magunia yapo yamepangwa kando ya barabara. Na watoto wasikaribie ukingo, mawe yanateleza: kila mkubwa ashike mmoja.

Junior: Mimi nitamshika Kambo.