Mjadala: Ukumbi wa sinema Lubumbashi ukubali asilimia, au ukodi filamu kwa bei moja?

Msambazaji wa filamu akileta mkataba wa kuchukua asilimia ya mapato ya tikiti, ukumbi mdogo utie sahihi, au udai kulipa bei moja na kubaki na mapato yote?

Mwenye ukumbi, Kampemba: Soma kipengele cha kiwango cha chini kabla ya kushika kalamu. Kwa kawaida ukumbi unatoa kwanza gharama zake, tuseme dola 400 kwa wiki, kisha msambazaji anachukua 90% ya kinachobaki. Lakini hapokei chini ya 50% ya mapato yote. Kati ya hesabu hizo mbili, analipwa iliyo kubwa. Wiki ikiingiza 1,000, 90% ya 600 ni 540, ukumbi unabaki na 460. Sawa. Wiki ikiingiza 600, 90% ya 200 ni 180 tu, ila nusu ni 300. Anaondoka na 300, nawe unabaki na 300 za kulipia gharama za 400. Mvua za Januari zinatosha kukufikisha hapo. Bei moja ni afadhali.

Msambazaji: Papa, hesabu yako ni ya kweli. Ila bei moja inalipwa kabla ya tikiti ya kwanza kuuzwa. Filamu ikidoda, hasara yote ni yako. Omba hiyo 50% iwe 35%, na ishuke kila wiki. Hilo linajadilika. Tikiti zisizo na namba hazijadiliki: bordero, yaani karatasi ya hesabu ya tikiti, ya kila usiku ionyeshe namba ya tikiti ya kwanza, ya mwisho, bei, na zilizoharibika.

Fundi wa projekta: Na ufunguo je? Filamu inafika kwenye diski ikiwa imefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake wa kidijitali unatengenezwa kwa seva moja tu, yaani kompyuta inayochezesha filamu, kwa muda maalumu. Ukiandikwa uanze 18:00 ya Kinshasa, Lubumbashi ni 19:00. Watu wa onyesho la 18:00 wanakaa mbele ya pazia jeupe. Mkataba useme ufunguo uanze kazi saa 24 kabla ya onyesho la kwanza, tupate kujaribu. Kadi ya seva inayofungua picha ikibadilishwa, cheti cha kidijitali kinachoitambulisha kinabadilika pia, na ufunguo wa zamani haufungui tena. Msambazaji atumiwe cheti kipya siku hiyo hiyo.

Mwenye ukumbi, Kampemba: Bordero naikubali, na 35% pia. Ila umeme ukikata onyesho, tikiti zilizorudishiwa pesa zitolewe kwenye jumla kabla ya asilimia kupigwa, na muda wa ufunguo uongezwe siku moja. Hayo mawili yasipoandikwa, nabaki na bei moja.