Somo la "Jipende Kwanza" kwenye ushirika wa akina mama: tulipimeje kabla halijaanza?

Kiongozi_Kasarani

Bwana asifiwe wapendwa. Ushirika wetu wa akina mama na wasichana umeletewa kijitabu cha masomo 6, somo moja kila Jumamosi. Somo la kwanza ni jaribio la kujua tabia yako, uko kundi gani kati ya yale manne ya kale (sanguine, choleric, melancholic, phlegmatic), na wengine wanataka ule mchoro wa aina 9 za nafsi (Enneagram). La pili ni kujipenda kwanza, kwa Marko 12:31. La tatu ni kukiri mbele ya kioo kila asubuhi: "mimi ni mshindi, mimi ni wa kupendeka." La nne ni ubao wa maono, kwa Habakuki 2:2. La tano ni kuwaondoa "watu sumu" maishani. La mwisho kila mmoja asimulie majeraha yake mbele ya wote.

Wazee wamegawanyika. Wengine wanasema ni baraka, wengine wanasema ni elimu ya dunia iliyovishwa aya. Nimeombwa maoni kwa maandishi kabla ya kikao. Sitaki kukubali kwa sababu tu kuna aya chini ya ukurasa, wala kukataa kwa sababu tu kuna neno saikolojia. Nianzie wapi?

Mberoya

Asifiwe sana, dada. Usikihukumu kijitabu kwa jumla. Kitenganishe kwanza.

Chukua kalamu za rangi tatu. Kwa rangi ya kwanza pigia mstari kila sentensi inayotaja jambo linaloonekana na kupimika, kwa mfano "asiyelala vya kutosha hukasirika upesi." Rangi ya pili iwe ya sentensi zinazoeleza chanzo: "hasira yako inatoka kwa mtoto aliyejeruhiwa ndani yako." Ya tatu iwe ya sentensi zinazoagiza: "mkate mtu huyo."

Kila rangi ina mzani wake. Ya kwanza hupimwa kwa ushahidi, na hapo tusiogope, kweli ni ya Mungu hata ikigunduliwa na asiyemjua. Ya pili ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu, maana ndipo fundisho kuhusu mwanadamu hujificha. Kitabu kikisema tatizo lako kubwa ni kwamba hujajithamini vya kutosha, tayari kimefundisha juu ya dhambi na wokovu bila kuyataja maneno hayo. Kiulize mambo matatu: kinasema nini kimeharibika ndani ya mtu, nani atakitengeneza, na mtu aliyepona anafananaje? Kama jibu la mwisho ni mtu aliyetulia, anayejiamini na asiyesumbuliwa na yeyote, linganisha na Kristo wa Wafilipi 2:5-8, aliyejinyenyekeza hata mauti ya msalaba, uone umbali. Rangi ya tatu unaipima kwa amri za Bwana, moja kwa moja.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba rangi ya kwanza huwa kweli. Msomaji anasema "huyu ni mimi kabisa!" na kwa kuwa ametambuliwa vizuri, anameza na dawa bila kuiangalia.

Halafu aya. Usisome aya pekee, soma sura nzima kwa sauti pamoja na wazee. Habakuki 2:2, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao," ni njozi ya Mungu juu ya hukumu ya Wakaldayo. Habakuki hakuagizwa aandike anachotamani. Kitabu chenyewe kinafika 3:17-18, mtini usipochanua na zizi likikosa ng'ombe, na nabii bado anamfurahia Bwana. Ukikuta Mithali 23:7, "aonavyo nafsini mwake, ndivyo alivyo," rudi aya ya 6: anasemwa mwenyeji mchoyo anayekukaribisha kwa mdomo, moyo wake ukiwa mbali. Haifundishi kwamba mawazo yako huumba maisha yako. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," inafuata aya za Paulo kujifunza kuwa radhi akishiba na akiona njaa. Na Marko 12:31: Yesu ametaja amri mbili, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Kujipenda kumetajwa kama kipimo ambacho tayari tunacho, kama Waefeso 5:29 inavyosema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake. Anayeigeuza kuwa amri ya tatu, tena ya kutangulia nyingine, ameongeza neno.

Nisieleweke vibaya. Yuko dada aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye si kitu, na hafai kukemewa kwa ubinafsi. Mpe Mwanzo 1:27 na Zaburi 139, tena mpe polepole. Thamani yake ipo kwa sababu aliumbwa na akakombolewa, kwa hiyo haitikisiki siku asiyojisikia vizuri.

Mtafiti_Rongai

Naongeza upande wa ushahidi, maana mara nyingine vijitabu hivi vinaanguka hata kwenye mzani wa saikolojia yenyewe.

Kioo kwanza. Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walirudiarudia sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walipata nafuu kidogo. Waliojidharau, ambao ndio hasa somo hili linawalenga, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakuirudia. Sababu inaeleweka: ukijiambia jambo usiloliamini, akili huanza kutaja ushahidi wa kulipinga. Kanisani hali huwa mbaya maradufu, kwa sababu kukiri kukishindikana ataambiwa imani yake ni ndogo.

Ona tofauti na Zaburi 42:5. Mwandishi naye anaongea na nafsi yake. Lakini anaiuliza kwanza kwa nini inainama, kisha anaielekeza: "Umtumaini Mungu." Anajikumbusha Mungu ni nani. Na Zaburi 88 inaishia gizani, bila neno moja la ushindi, na bado imo katika kitabu cha nyimbo za watu wa Mungu. Kijitabu kisicho na nafasi ya maombolezo kitawafundisha akina mama kuigiza.

Mzizi wa fundisho hili la kukiri unajulikana. Phineas Quimby, fundi saa wa jimbo la Maine, Marekani, aliyefariki 1866, alifundisha kwamba ugonjwa ni imani potofu akilini na huponywa kwa kubadili fikra. Kutoka kwa mawazo yake lilikua vuguvugu la Fikra Mpya (New Thought), na mwaka 1952 Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York, akayafanya mafundisho ya namna hiyo kuwa maarufu makanisani. Asili mbaya pekee haitoshi kulikataa jambo, ila inakuonyesha pa kuchunguza: je, nguvu iko kwa Mungu au iko kwenye maneno yangu?

Ubao wa maono. Utafiti wa Lien Pham na Shelley Taylor, uliochapishwa 1999, ulihusu wanafunzi waliojiandaa kwa mtihani. Waliojiona akilini wakiwa wamepata alama nzuri walifanya vibaya kuliko waliojiona wakiwa wameketi wanasoma. Picha ya gari na nyumba ya mtaa wa kifahari kama Runda ukutani huipa akili ladha ya kufika kabla ya safari. Kama mnataka kupanga mwaka, andikeni kazi ya wiki hii, kizuizi kinachotarajiwa, mtakachofanya kikitokea, na juu yake "Bwana akipenda" ya Yakobo 4:15.

Majaribio ya tabia. Makundi manne yanatokana na tiba ya kale ya Wagiriki, aliyoieneza daktari Galen karne ya 2, iliyohusu majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Tiba ilishayaacha hayo majimaji, sisi bado tunagawa watu kwa majina yake. Mchoro wa pembe tisa ulifundishwa na Gurdjieff, mwalimu wa mafumbo ya kiroho, mwanzoni mwa karne ya 20, na zile aina 9 za nafsi ziliunganishwa nao na Oscar Ichazo na Claudio Naranjo, zikaenea miaka ya 1970. Hakuna hati ya kale ya watawa wa jangwani inayoonyesha aina hizo 9, hata kama vijitabu vinadai hivyo. Jaribio lingine linalotumika sana, lile la herufi nne (MBTI), lilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na maandishi ya mwanasaikolojia Carl Jung ya 1921. Wengi wakilirudia baada ya wiki chache hupata aina nyingine, kwa sababu watu wengi wako katikati, nalo linawalazimisha upande mmoja.

Madhara yake ushirikani ni mahususi: "mimi ndivyo nilivyo, ni mkali" inachukua nafasi ya toba. Upole na kiasi katika Wagalatia 5 havikugawiwa kwa makundi.

Mlinzi_wa_Lango

Mnazunguka bure. Wakolosai 2:8 imeshasema tusifanywe mateka kwa elimu ya bure ya madanganyo. Saikolojia yote itupwe nje. Neno linatosha, na mwenye huzuni aombewe.

Mshauri_Umoja

Ndugu yangu, bidii yako kwa Neno naiheshimu. Lakini Paulo huyohuyo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23. Na Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, na maswali yakaja baadaye. Wakolosai 2:8 inakataa mafundisho yanayochukua nafasi ya Kristo. Haikatazi kumtibu mgonjwa.

Kuna hatari upande huu pia, na ni ya kufa na kupona. Dada mwenye dipresheni akiambiwa atubu tu, anaweza kuacha dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuzikatiza ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na mara nyingi ugonjwa kurudi. Zisiachwe ila kwa mpango wa daktari.

Kiongozi wa ushirika asitoe jina la ugonjwa. Aangalie haya: kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, mtu amekosa raha au hamu ya yote aliyoyapenda, usingizi umevurugika, hali chakula vizuri, anajiona hana maana, hawezi tena kazi zake. Hapo msindikize kwa daktari, usimtume peke yake. Apimwe na mwili, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha huleta dalili zinazofanana. Mama aliyejifungua karibuni aangaliwe mapema zaidi.

Ukihisi anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya afya ya akili ya Mathari iko Barabara ya Thika, Nairobi, na hospitali kubwa yoyote yenye kitengo cha dharura itampokea. Familia nyingi zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

La kisheria pia: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka anayetoa huduma hiyo kitaaluma asajiliwe na awe na leseni. Aliyehudhuria semina ya wikendi asijiite mwanasaikolojia kwenye bango la kanisa. Mkimwalika mtu, ombeni kuona leseni yake.

Kiongozi_Kasarani

Mungu awabariki, nimeshachukua kalamu. Bado nina shida na somo la 5 na la 6. Kuna akina mama ambao kweli wanateswa nyumbani, sitaki waambiwe wavumilie tu.

Mberoya

Umeona vyema. Neno "sumu" linawaweka watu wa aina tatu kwenye gunia moja, na hapo ndipo somo linaharibika. Yupo anayekuudhi kwa tabia tofauti na yako: huyo ni wa kuchukuliana naye, Wakolosai 3:13. Yupo aliyekukosea: Mathayo 18:15-17 ina mpangilio, umwendee mkiwa wawili, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Kumfungia kwenye WhatsApp bila kumwendea ni kuruka hatua ya kwanza. Wa tatu ni anayepiga, anayetishia, anayebaka. Kwake usianze na mazungumzo ya faragha, usalama utangulie: mama na watoto watoke, hospitali, polisi, namba 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bure, na Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi. Kusamehe kunawezekana bila kurudi chini ya ngumi. Warumi 12:18, inayoagiza amani na watu wote, imeweka "kama yamkini, kwa upande wenu."

Kwa wazee andika ukurasa mmoja tu. Taja kwanza yaliyo mema, kwa mfano hamu ya kuwasikiliza akina mama, halafu weka sentensi tano au sita kutoka kijitabuni neno kwa neno, na mbele ya kila moja aya yake ikiwa kwenye sura yake. Usiwaambie "roho ya kitabu hiki haifai", hawatakuwa na la kujadili. Pendekeza badiliko: la 1 liwe Wagalatia 5, la 2 liwe thamani ya mwanadamu katika Mwanzo 1 na msalaba, la 3 Zaburi 42 na 88 na namna ya kuomboleza, la 4 kupanga kazi kwa Yakobo 4, la 5 hayo makundi matatu.

Mshauri_Umoja

Na la 6 liondolewe kabisa kwa sura yake ya sasa. Kumfanya mtu aeleze jeraha la kubakwa au kupigwa mbele ya watu 30, bila maandalizi, kunaweza kumrudisha kwenye tukio lenyewe, na kufikia Jumatatu habari iko mtaani. Badala yake wawepo akina mama wawili au watatu waliokomaa, wa kusikiliza mmoja mmoja, kwa hiari, mahali pa faragha. Waseme mapema kwamba siri itatunzwa isipokuwa uhai uko hatarini au mtoto anadhulumiwa.

Fomu za majaribio zenye majina pia zisikusanywe. Hali ya afya na ya ndoa ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanisa nalo linabanwa na sheria hiyo. Kama zimeshajazwa, zirudishwe kwa wenyewe.