Unyayo wa kulia haunyanyuki tangu Jumamosi. Ni mgongo au ni goti? Naombeni ushauri

Fundi Rangi Tatu
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 34, ni fundi wa kupanga marumaru, naishi Mbagala. Wiki iliyopita tulikuwa na nyumba Kigamboni ambayo mwenyewe alitaka kuhamia Jumapili, kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa nimechuchumaa tangu asubuhi mpaka tunawasha taa. Mimi hukalia kisigino cha kulia, goti limekunjika lote, mguu wa kushoto uko mbele. Ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Ijumaa usiku kwenye pantoni mguu ulikuwa umekufa ganzi. Sikushtuka, maana huwa inatokea. Jumamosi asubuhi naenda kuoga, ndala ya kulia ikabaki mlangoni. Sikujua imechomoka saa ngapi, nilishtukia tu nakanyaga saruji. Tangu hapo nikitembea kisigino kinatua, halafu unyayo unajipiga chini, pa! Kuvuka kizingiti inabidi ninyanyue goti juu. Vidole haviji juu hata kidogo. Ganzi iko nje ya muundi na sehemu ya juu ya unyayo, hasa kati ya kidole gumba na cha pili, pale panapopita ukanda wa ndala. Chini ya unyayo nasikia kila kitu, hata punje ya mchanga.

Zahanati ya mtaani wamenichoma sindano ya maumivu tako la kushoto na kunipa vitamini B. Mahali pengine wamesema ni pingili za kiuno, nikapige MRI, ile picha ya kuona ndani ya mgongo, na bei waliyotaja ni kodi yangu ya nyumba ya miezi minne. Mama anataka kunikanda kwa maji ya moto na chumvi. Jirani anasema nimekanyaga kitu nilichotegewa. Mgongo wenyewe hauumi. Nina watoto wawili na riziki yangu iko kwenye miguu hii. Nianzie wapi?

Mama Shani
Pole sana mwanangu. Kabla ya yote, mkono wa kulia una nguvu? Mdomo haujapinda? Maneno yanatoka vizuri? Kiharusi humkuta hata kijana. Kama kuna hata kimoja hapo, usisubiri kupambazuke.

Fundi Rangi Tatu
Shikamoo mama, ahsante. Mkono mzima, uso mzima, naongea vizuri. Ni unyayo tu.

Mtoto wa Buguruni
Mkuu huku kwetu kuna mzee anavuta mgongo mpaka unalia, ukitoka hapo unatembea mwenyewe. Nikuelekeze?

Fizio Mwandamizi
Naomba sana mgongo wake usivutwe na mtu yeyote kwa sasa. Ngoja nieleze kwa kirefu, kazi yangu ni hii na wagonjwa wa namna hii huwa wanazungushwa.

Mguu unategemea hasa mishipa miwili mikubwa ya fahamu. Mmoja unapita mbele kwenye kinena, unaitwa femori, mizizi yake ni L2 hadi L4 kiunoni (L ni pingili za kiuno, S ni za mfupa ulio chini yake). Huo ndio unaonyoosha goti, na tawi lake refu hushuka upande wa ndani wa muundi. Wa pili unapita nyuma, siatiki, mizizi L4 hadi S3. Hakuna mshipa wa fahamu mnene kuliko huo mwilini. Unatokea kwenye tako, kwa kawaida chini ya msuli wa pirifomisi, unashuka nyuma ya paja, na karibu na goti unagawanyika.

Tawi la tibia linashuka katikati ya shavu la mguu, limefunikwa na nyama, linapita nyuma ya kifundo cha ndani na kuishia chini ya unyayo. Ndilo linalokusimamisha kwa vidole, na ndilo linalokufanya uhisi ile punje ya mchanga. Hilo kwako ni zima.

Tawi la pili, peronea, ndilo lenye bahati mbaya. Shika goti lako upande wa nje, shuka kidogo, utagusa nundu ngumu. Hicho ni kichwa cha fibula, mfupa mwembamba wa nje. Chini yake tu, neva, yaani mshipa huo wa fahamu, inazunguka shingo ya mfupa huo ikiwa kati ya mfupa na ngozi, hakuna nyama ya kuikinga. Ukikunja goti mpaka mwisho na kulikalia, inavutwa na kubanwa hapo hapo, na wewe umeifanyia hivyo siku mbili mfululizo. Kazi yake ni kunyanyua unyayo na vidole na kugeuza unyayo kuelekea nje. Ngozi kati ya gumba na kidole cha pili ni ya tawi lake la ndani. Ulipoandika habari ya ukanda wa ndala nilisimama hapo nikasoma mara mbili.

Lakini mzizi wa L5 ukibanwa mgongoni, unyayo huanguka vilevile. Kwa hiyo waliokutajia MRI hawakuzungumza ovyo, ila kuna mambo ya kuangalia kabla ya pesa hiyo kutoka. Keti, elekeza vidole chini, kisha geuza unyayo kuja ndani kama mtu anayetafuta mwiba, na mkeo akuzuie kwa mkono. Halafu lala ubavu wa kushoto, nyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, naye aubonyeze chini. Misuli ya kazi hizo mbili inaitegemea L5 lakini haipati kitu kutoka kwenye peronea. Ikiwa ina nguvu, shaka inaelekea gotini. Ikiwa imelegea, tutazame mgongo. Na bado lazima daktari akupime kwa mikono yake.

Swali moja: umepungua mwili mwaka huu?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mwambie mama kwa upole asikukande kwa maji ya moto mahali penye ganzi. Nimewahi kufunga kidonda cha baba mmoja mwenye kisukari aliyetumbukiza miguu kwenye beseni, hakuhisi moto, ngozi ikavuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Kama anataka kukukanda, maji yawe vuguvugu na ayajaribu kwanza kwa kiwiko chake.

Kuhusu sindano, yako ilikuwa kushoto na ilikuja baada ya tatizo, kwa hiyo haihusiki. Ila wote humu jueni: sindano ya tako ichomwe robo ya juu, upande wa nje. Ikishuka chini au kuingia katikati inaweza kuipata siatiki. Ukichomwa ukahisi kama umeme umeshuka hadi unyayoni, sema pale pale, usione haya.

Konda wa Zamani
Mimi yangu ilikuwa mgongo na haikufanana na hii. Maumivu yalianzia takoni, yakashuka nyuma ya paja na nje ya muundi mpaka kidole gumba, na nikikohoa yanachoma kama waya wa moto. Nikavumilia miezi, nanunua vidonge. Siku moja nimeketi kwenye kiti cha daladala nikahisi kama nimekalia godoro, sehemu zote za siri zimekufa ganzi, na usiku ule mkojo ukagoma kutoka. Miguu yote ikawa mizito. Nilipofika hospitali daktari aliniuliza kwa nini sikuja saa ile ile. Diski ilikuwa imeziba mizizi yote ya chini kwa pamoja. Nilipasuliwa, natembea, lakini mkojo haujawahi kurudi kama zamani. Mdogo wangu, dalili hizo zikikutokea usije humu kuandika. Chukua bodaboda, bajaji, chochote, nenda.

Fundi Rangi Tatu
Kaka nimesoma mpaka mwili umenisisimka. Pole sana. Mimi haja zote ziko kawaida.

Fizio, tumefanya usiku huu na mke wangu. Kugeuza ndani nguvu ipo, alishindwa kunizuia. Kunyanyua mguu ubavuni nguvu ipo. Kusimama kwa vidole naweza. Kugeuza nje hakuna kitu. Na ndiyo, niliumwa mwezi wa tatu nikapungua kilo nane, hazijarudi.

Fizio Mwandamizi
Kilo hizo nazo zina mchango. Hata kale kagodoro kadogo ka mafuta pale shingoni mwa fibula husaidia kuikinga neva, na kakiisha mfupa unaibana. Acha kukunja nne pia. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke ni karibu na wewe, eleza kama ulivyoeleza hapa, na uombe rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ikiwa wataona inafaa. Omba upimwe sukari pia.

Binti Ubungo
Samahani kuingilia. Mimi ni paja, upande wa nje, linawaka na kufa ganzi nikivaa suruali ya kubana. Nguvu sijapoteza. Nayo ni siatiki?

Fizio Mwandamizi
Hapana dada, huo ni mshipa mwingine wa ngozi tu, unapita chini ya mshipi karibu na mfupa wa nyonga. Hauendeshi msuli wowote, ndiyo maana nguvu ipo. Legeza nguo kiunoni wiki chache. Wajawazito pia huwapata. Isipopungua, muone daktari.

Fundi Rangi Tatu
Wakuu narudi, ni wiki ya sita sasa. Nilienda Temeke, nikapewa rufaa. Daktari aligonga kwa kidole chini ya ile nundu ya goti, msisimko ukashuka mpaka kwenye gumba. Kisha nikafanyiwa kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu. Ishara zinashuka vizuri, zinakwama zinapozunguka shingo ya fibula, na chini ya hapo neva iko hai. Amesema lililoumia zaidi ni ganda la neva, nyuzi zenyewe nyingi hazijakatika. Zingekatika, zingeota upya kwa kama milimita moja kwa siku, ningehesabu miezi. MRI ya mgongo haikuhitajika. Sukari iko sawa.

Nimepewa kifaa cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu kinachozuia unyayo usianguke, na mazoezi ya kunyoosha kisigino nisije nikakakamaa. Mama ananikanda maji ya vuguvugu jioni, anajaribu kwa kiwiko.

Leo asubuhi gumba limenyanyuka. Milimita tatu hivi, upana wa ile misalaba tunayoweka kati ya marumaru. Mke wangu amenifanya nirudie mara tano ndipo akaamini. Sasa bosi ananiita kazini. Niende?

Fizio Mwandamizi
Hongera sana, nimefurahi kweli. Kazi za ukutani ukiwa umesimama, nenda. Sakafuni bado. Ukifika wakati wake, kalia kibao kifupi badala ya kisigino, na kila nusu saa simama unyooshe goti hata kama mwenye nyumba anahamia kesho.

Fundi Rangi Tatu
Nimeshakata ubao. Kesho naanza jikoni, ukutani.