Doctor Who: Legacy: nimekwama msimu wa 5 kwa Malaika. Nipandishe kikosi kimoja au niwagawie wote?

FundiTandika (Dar es Salaam), 14 Machi 2015

Wakuu, habari za jioni. Kuna yeyote humu anayecheza Doctor Who: Legacy? Ni lile gemu la bure la kupanga vito, lililotoka Novemba 2013 tamthilia yenyewe ya Doctor Who, ile ya runinga ya Uingereza, ilipotimiza miaka 50. Natafuta mtu wa kuongea naye, maana huku Tandika kila ninayemwonyesha anasema "aah, Candy Crush hiyo".

Siyo. Candy Crush unabadilishana pipi mbili zilizopakana, basi. Huku unashika kijiwe kimoja unakiburuta popote ubaoni kwa sekunde chache, na kila kinakopita vingine vinapisha. Ukiachia, vilivyojipanga vitatu vitatu vinapasuka, na kila rangi inamwamsha mtu wake apige. Pinki yenyewe inakurudishia uhai. Unaingia na Doctor mmoja (ndiye shujaa wa tamthilia, hubadilika sura, ndiyo maana wako kadhaa) na wenzake watano, na mbele yako wamesimama maadui: Dalek, Cyberman au wale Sontaran wafupi. Kila adui ana namba yake inayoshuka kila ukicheza. Ikiisha, unapigwa.

Mimi ni fundi cherehani. Umeme ukikatika cherehani yangu inalala, ndipo nashika simu. Nimegundua kidole chenye vumbi la chaki ya kukatia kinateleza vizuri sana kwenye kioo, kuliko kidole kitupu chenye jasho la Machi hii. Shida ni protekta yangu, imepasuka kona ya chini kushoto, kijiwe kikifika pale kinaniponyoka.

Tamthilia sijawahi kuiona hata sehemu moja. Gemu linakupeleka kinyumenyume: linaanza msimu wa 7, unarudi wa 6, kisha wa 5. Kwa hiyo nilimjua Clara kwanza, baadaye ndiyo nikakutana na Amy na mumewe Rory. Nawapenda hawa watu bila kujua walifanya nini, na hilo linanisumbua kuliko levo yenyewe.

Sasa maswali. Nimekwama kwa maadui waitwao Malaika Wanaolia. Mawimbi ya mwanzo ya maadui napita, la mwisho wananimaliza. Vile vipande vya wakati vya kuwapandisha watu daraja havinitoshi. Nimpandishe nani? Nafikiria kumtoa Rory, maana naona hana nguvu ya kupiga. Halafu, ninunue fuwele za wakati, ile sarafu ya ndani ya gemu, kwa pesa? Binti ninayemfundisha kushona anasema nilipie tu nimalize. Mimi roho inagoma.

---

Kivuko_Kigamboni, 14 Machi 2015

Dada, karibu sana. Nilidhani nacheza peke yangu Dar nzima.

Mimi nimetokea Puzzle & Dragons ya Wajapani, ya 2012, na hili lako ni ndugu yake kabisa, mkono ni uleule. Tatizo lako sidhani kama ni nguvu. Watu wengi wanashika kijiwe ndipo wanaanza kutafuta njia, na sekunde zinaisha. Usiguse kioo kwanza. Muda hauhesabiwi mpaka kijiwe kianze kuhama, kwa hiyo kaa hata dakika tano ukitaka. Tafuta rangi iliyojaa zaidi, ona mahali viwili vimeshakaa pamoja, kisha chagua kijiwe cha mbali ambacho njia yake itawasogeza wengine wakae. Yaani kile unachokishika siyo lazima kiwe ndicho unachotaka kupanga. Kinaweza kuwa cha kupitisha tu.

Anza kupanga chini. Vya chini vikipasuka vya juu vinaanguka, mara nyingine vinajipanga vyenyewe, unapata kombo ya bure. Ukianza juu, vya chini havitikisiki.

Kuhusu daraja: kikosi kimoja, watu sita, hao hao. Vipande vina rangi, na kila mtu anakula vya rangi yake. Ukiwapa wote kidogo kidogo utakuwa na kundi kubwa lisilomwangusha mtu. Rudia levo za msimu wa 7 unazozishinda kwa urahisi, ndizo ghala lako. Inachosha, lakini ndiyo njia ya asiyelipa.

Na hiyo protekta ibandue leo. Usicheze na kona iliyokufa.

---

MzeeWaUpanga, 14 Machi 2015

Binti yangu, mimi gemu silijui, vidole vyangu haviwezi. Tamthilia ndiyo naijua, kwa hiyo nitasema la upande huo. Ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kupigwa risasi. Ikasimama 1989, ikarudi 2005. Nimeifuata tangu iliporudi.

Rory usimtoe. Nisamehe kwa kukufichulia, lakini umesema linakusumbua. Mwishoni mwa msimu wa 5 Amy anafungiwa ndani ya kasha kubwa linaloitwa Pandorica, na hawezi kutoka mpaka miaka karibu elfu mbili ipite. Doctor ana njia ya mkato ya kuruka huo muda. Rory anaambiwa aje naye, anakataa. Anabaki nje ya kasha na upanga wake na mavazi ya askari wa Kirumi, analilinda karne baada ya karne mpaka linafunguliwa. Anayesema hana nguvu hajamwona akisimama pale.

Na hao Malaika Wanaolia hawakuanzia msimu wa 5. Walianza 2007, msimu wa 3, katika sehemu iitwayo Blink, na kwangu hakuna iliyoizidi. Ni sanamu za mawe. Ukiwatazama hawawezi kusogea. Ukipepesa jicho, wamekufikia. Katika sehemu hiyo hawakuui: wanakutupa miaka ya nyuma, unaishi na kuzeeka huko, na wao wanakula ile miaka ambayo ungeiishi hapa. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa peke yangu nyumbani, na sebuleni tuna kinyago kikubwa cha mpingo. Nilikigeuza kitazame ukuta.

---

Chief_Mabibo, 15 Machi 2015

Mnapoteza muda na bando. Mtu mzima, fundi mwenye wateja, unasumbuka na vijiwe vya rangi? Lipia hizo fuwele umalize au futa.

---

FundiTandika, 15 Machi 2015

Kaka Mabibo, nimekusoma. Nguo za wateja wangu zinatoka siku niliyoahidi, hilo waulize Tandika nzima. Muda ninaochezea ni wa giza, wa umeme uliokatika, na sioni kwa nini niutumie kukaa mlangoni nikisema watu.

Kuhusu kulipia, nimeuliza. Ukinunua fuwele za dola tano wanakufungulia na eneo la mashabiki lenye levo za ziada. Kwa dola ya sasa ni kama elfu tisa, na inataka kadi ya benki. Siyo pesa ya kutisha. Ila mimi kila mtu niliye naye kwenye kikosi nimempata kwa kupigania levo, nakumbuka nani alidondokea wapi. Nikianza kununua, nitakuwa nimeruka kitu kilekile kilichonifanya nilipende. Waliotengeneza wanastahili kula, nakubali, na eneo la mashabiki huenda nikalilipia siku moja kwa sababu hiyo. Kwa sababu ya kukwama, hapana.

Mzee Upanga, shikamoo. Nimesoma habari ya Rory nikaiweka simu chini. Nimemwambia binti wangu naye akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa alikuwa anakula nini?"

---

MzeeWaUpanga, 15 Machi 2015

Marahaba. Mwambie wakati ule hakuwa mtu wa nyama, alikuwa ameumbwa upya kwa plastiki ila ana kumbukumbu na moyo wa Rory mwenyewe. Swali lake ni zuri, na jibu lake limo humo humo kwenye hadithi.

---

Kivuko_Kigamboni, 15 Machi 2015

Nyongeza moja kuhusu wimbi la mwisho. Kila mwenzako ana uwezo wake maalumu unaojaa baada ya zamu kadhaa. Kuna wanaogeuza rangi za vijiwe, kuna wanaomduwaza adui asipige kwa zamu chache. Usiutumie ukijaa tu. Kwenye mawimbi ya mwanzo acha adui mmoja dhaifu mwenye namba kubwa, mpige polepole huku uwezo wa wote ukijaa, ndipo umuue uingie wimbi la mwisho. Duwaza kwanza, geuza rangi pili, halafu ndiyo upange. Pinki zilinde kama chakula cha daku, usizipasue ukiwa na uhai mwingi.

---

FundiTandika, 18 Machi 2015

Wakuu, nimepita!

Protekta niliibandua usiku uleule. Vipande nilivikusanya msimu wa 7, vyote nikavipeleka kwa watu sita, Rory akiwa mmoja wao. Jana umeme ulikatika saa mbili kasoro, nikaingia.

Wimbi la mwisho nilifika na uwezo wa wote umejaa. Nikaduwaza, nikageuza, nikapiga zamu mbili vizuri. Ya tatu ubao ukawa mbaya, nyeusi zimetapakaa, na uhai wangu kidogo. Namba ya Malaika aliyebaki ilisoma moja. Nilifanya alivyosema Kivuko, sikugusa kioo. Binti kanishikia tochi ya simu yake bila sababu yoyote, maana simu yangu ina mwanga. Tukaona pinki mbili kona ya chini kushoto, ileile iliyokuwa imekufa, na ya tatu iko juu yake safu mbili. Nikapaka chaki kidoleni. Sikuishika pinki, nilishika kijani ya pembeni yake, nikaipitisha chini, nikakata kushoto, nikapanda. Pinki ikashuka yenyewe mahali pake. Zikapasuka, za juu zikaanguka, bluu tatu zikakutana bila mimi kuzipanga, na bluu kwenye kikosi changu ndiyo rangi nzito. Malaika akaisha.

Binti alipiga kelele jirani wa genge akaja kuuliza kuna nini.

Sasa Mzee Upanga, nina ombi. Msimu wa 5 nitaupata wapi hapa mjini? Nataka kuona kwa macho yangu kabla sijaingia kwa Doctor mwingine huko nyuma.

---

MzeeWaUpanga, 18 Machi 2015

Hongera sana binti yangu. DVD za msimu wa 5 ninazo, shangazi wa watoto alizileta kutoka Uingereza. Nitumie ujumbe wa faragha tupange, Jumamosi huwa nateremka Kariakoo, nitazibeba pamoja na ile ya Malaika. Anzeni sehemu ya kwanza kabisa, msiruke. Na binti asome maandishi ya chini ya kioo, Kiingereza chao wanakwenda mbio.

---

FundiTandika, 18 Machi 2015

Asante sana mzee wangu. Jumamosi nipo Kariakoo asubuhi kununua zipu na bitana. Ujumbe nimeshatuma.