Kwenye DNA, kwa nini A inashikana na T tu? Mbona isiwe G au C?

mwanaPCB:
Habari zenu wakuu, niko kidato cha sita, kwenye DNA nimekariri zile besi nne (adenini, thaimini, guanini na saitosini) zinavyoshikana, A na T, G na C, ila sababu siijui. Mbona A isishikane na G? Anayejua anieleweshe, kukariri kitu usichokielewa kunachosha sana.

MzeeWaLabu:
Dogo swali zuri sana hili. Angalia ukubwa wa besi zenyewe, A na G zina ringi mbili mbili, T na C zina ringi moja moja. Kwa nje kuna nyuzi mbili za sukari na fosfeti zimejisokota, na upana kati yake ni uleule mwanzo mwisho, kama nanomita 2 hivi. Ukiweka A na G panabana, ukiweka T na C hazifikiani, kwa hiyo lazima kubwa moja ikae na ndogo moja.

mwanaPCB:
Hapo nimekupata mkuu. Sasa C nayo si ndogo, mbona A haiendi na C?

dada_kemia:
Hapo ndo penyewe! Chora A na C zikitazamana utaona. A ina NH2 inayotoa haidrojeni, na C pale pale ina NH2 nayo inatoa, halafu chini yake naitrojeni ya A inataka kupokea na ya C inataka kupokea, sasa nani ampe nani? Ukiweka T, oksijeni yake inapokea ile ya A na NH yake inatoa, bondi 2 za haidrojeni zinakaa. G na C zinapata 3, ndo maana DNA yenye G na C nyingi ni mbishi kuachana ukiipasha moto.

MzeeWaLabu:
Umemaliza dada. Niongeze tu kwamba hata James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, alikwama hapo hapo akiwa Cambridge mwaka 1953, alikuwa anachora besi kwa maumbo yaliyokuwa vitabuni, haidrojeni zimekaa pasipo pake, mpaka mkemia Jerry Donohue akamrekebisha ndo akakata vipande vya kadibodi na kuona A-T na G-C zinatoka umbo moja. Na tusimsahau Rosalind Franklin jamani, vipimo vyake vya eksirei ndo vilionyesha fosfeti ziko nje, bila hivyo kadibodi zisingesaidia kitu.

mwanaPCB:
Asanteni sana, kwa hiyo wakinipa A asilimia 30, T ni 30, na G na C ni 20 kila moja?

dada_kemia:
Ndiyo, ila kwa DNA ya nyuzi mbili tu. Virusi wengine wana uzi mmoja, hapo hesabu hiyo haishiki, soma swali vizuri.